Jicho la Kulia la Baba Molly

Mume wangu Clifford Ojwang ni fundi. Si fundi wa kila kitu kama wale wa hapa Kapsoit wanaotengeneza redio, viatu na ndoa za watu. Yeye ni fundi wa kitu kimoja: kunoa rola za kiwanda cha chai. Wewe unayekunywa chai hujui rola ni nini, na hata mimi nisingejua kama singeolewa na mtu wa rola. Ni vyuma viwili vya mviringo, vizito, vilivyochongwa meno madogo mwili mzima. Vinazunguka vikitazamana, kimoja mbio, kingine pole, na majani mabichi yakipita katikati yanatoka yamekatika vipande vidogo. Meno yakiwa butu, majani yanapondwa badala ya kukatwa, na chai inatoka mbaya. Basi rola hutolewa, hupelekwa karakana, na Ojwang huinama juu yake na taa, akachonga meno upya, jino baada ya jino. Ni kazi ya macho. Mikono inasaidia tu.

Baba yake alitoka Nyakach kuja kuchuma chai, na yeye akazaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba. Anaongea Kikipsigis vizuri kuliko anavyoongea Kijaluo, jambo ambalo mama yake alilalamikia mpaka akaingia kaburini. Ni mtu mpole. Mimi Jerusa ndiye mdomo wa nyumba hii, na sioni aibu. Mtu mpole akikaa bila mtu wa kumsemea, watu wanamkalia kichwani.

Shida ilianza na masizi. Ndivyo alivyoniambia: "Mama Molly, kuna masizi yanaelea mbele yangu." Nikamfuta uso kwa kanga. Akasema hayako usoni, yako ndani, akitazama ukuta yanatembea, akisimamisha jicho yanashuka polepole. Jicho lenyewe, la kulia, halikuwa jekundu. Halikuuma, halikutoa machozi. Lilikuwa jicho zuri tu, lile lile lililonichagua kanisani nikiwa msichana.

Pale kiwandani vumbi la chai likikuingia machoni, unaoshwa na chai ya rangi iliyopoa. Wote hufanya hivyo, na wanaapa kwamba inaponya. Ojwang akaosha. Akaosha asubuhi, akaosha jioni, mpaka nikamuuliza kama jicho ni kikombe. Duka la dawa likampa matone ya mzio. Matone yakaisha, masizi yakabaki.

Halafu rola ikarudishwa. Kipkosgei, kijana wa mashine anayeelewana naye sana, alikuja mwenyewe karakana na akaongea kwa sauti ya chini asimwaibishe. "Mzee, upande huu meno hayalingani." Ojwang akashika taa, akaangalia, akasema yanalingana. Kipkosgei akamshika kidole, akakipitisha juu ya chuma. Ndipo akajua. Tangu aanze kazi hiyo hakuna rola yake iliyowahi kurudishwa. Siku hiyo alikuja nyumbani akakaa bila kuvua koti, na nilipomuuliza kuna nini akasema, "Macho yangu yananidanganya."

Wiki hiyo hiyo, akinyoa ndevu, jicho la kushoto likajaa giza. Anasema liliingia kutoka juu likishuka, jekundu kwanza, kisha jeusi. Yawa! Nilisikia kioo kikianguka. Nikamkuta ameshika ukuta, povu upande mmoja wa uso.

Tulitumwa Kisumu, hospitali ya macho, kwa daktari anayeitwa Nyambeki. Mama wa Kisii, mfupi, anayeongea kama mtu aliyechoka kurudia jambo lakini atarudia tu. Alimtia matone ya kupanua mboni, akamwangalia na taa yake kwa muda mrefu. Kisha akamdunga dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono, wakampiga picha za ndani ya jicho moja baada ya nyingine. Ile rangi ilimgeuza mume wangu njano mpaka kucha. Mkojo nao ukawa kama soda ya machungwa, akaniita chooni niushuhudie.

Daktari akatuonyesha picha ya jicho la kulia. Nilidhani nitaona jicho. Niliona kitu kama ramani ya mito. "Hii ndiyo retina," akasema, "ngozi nyembamba nyuma ya jicho inayopokea picha. Hii mito ni mishipa ya damu inayoilisha. Sasa tazama hapa." Kando ya mito kulikuwa na weupe umesambaa, kingo hazionekani. "Hapa rangi imevuja. Kuta za mishipa zimevimba. Mshipa ukivimba hivyo, unavuja, au unaziba kabisa. Ukiziba, sehemu ile ya retina inakosa chakula. Ndipo jicho linaotesha mishipa mipya kwa haraka, na hiyo mipya ni dhaifu, inapasuka ovyo. Upande wa kushoto ulipasuka. Umejaa damu, sioni ndani."

"Na mbona haikuuma?" Ojwang akauliza.

"Retina haijui kuuma. Ingekuwa inauma, watu wangekuja mapema."

Mimi nikauliza ni nani amefanya hivyo, maana mimi hutaka kujua wa kulaumiwa. Akasema mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe, askari wa mwili, wanaoshambulia kuta za mishipa. Lakini ni lazima ajue ni nini kilichowaamsha. Wakampima damu ya kila aina, kaswende, ukimwi, sukari. Wakampiga picha ya kifua, wakamdunga sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono. Pale palipodungwa pakavimba pakawa pagumu. Daktari akasema ni TB.

"Ati TB? Mume wangu hakohoi!"

"Si lazima akohoe, mama. Inaweza kujificha mwilini miaka mingi, na kwake askari wanaifuata mpaka kwenye jicho. Hatawaambukiza nyumbani, usiogope."

Basi akatupa dawa za aina mbili. Za TB, za miezi mingi. Na tembe za steroidi za kutuliza ule uvimbe, nyingi mwanzoni, anywe asubuhi akiwa ameshiba. Hapo ndipo alipoweka kalamu chini, akamtazama Ojwang, akanitazama na mimi. "Hizi nitazipunguza mimi mwenyewe, polepole. Usiziache ghafla. Ukizimeza, mwili unaacha kutengeneza zake; ukiacha kwa siku moja, utabaki bila kitu. Utanenepa, uso utakuwa mviringo, utakula sana. Hiyo ni dawa, si afya. Umenielewa? Jicho la kushoto tutaona damu ikipungua. La kulia bado linaona vizuri, na hilo ndilo tunalolipigania. Tukilipoteza hilo, umekuwa kipofu."

Tukamjibu pamoja kwamba tumeelewa. Na tulikuwa tumeelewa, kwa masikio.

Zile dawa zilifanya kazi, lazima niseme ukweli. Masizi ya kulia yakapungua. Giza la kushoto likaanza kukatika vipande. Siku moja akaniambia anaona kitambaa changu cha kichwa ni cha maua. Na uso ukafura kama alivyoambiwa. Ojwang aliyekuwa na mashavu ya kuingia ndani akawa na uso wa mwezi, tumbo likatangulia, ugali ukawa hautoshi. Usiku alikuwa ananiamsha kuniuliza kama kuna viazi vilivyobaki.

Sasa wewe unajua watu wetu. Mtu akikonda, wananong'ona. Akinenepa, wanamshukuru Mungu. Kila alipopita pale stejini, matatu zinaposimama, ilikuwa ni, "Ojwang! Umekuwa mwili!" "Fundi, umepona kabisa!" "Jerusa anakulisha nini?" Mimi niliwajibu kwamba ni dawa. Wakacheka, wakasema mimi hata jambo jema nalitafutia ubishi. Na mtu aliyekuwa ananyong'onyea, anayeambiwa na kila mdomo kwamba amepona, mwisho anasikia utamu. Simlaumu kwa utamu. Hata mimi nilimtazama akila nikafurahi.

Kanisa letu ni dogo, la mabati, na mchungaji wetu ni Ephantus, Mkikuyu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtu mwema, sauti nzuri. Kila Jumapili kuna wakati wa ushuhuda. Aliyetendewa jambo anasimama mbele, anaeleza, tunapiga makofi na kuimba. Na kwetu ushuhuda ni kitu kikubwa. Ukisema mbele ya watu "nimeponywa", umeponywa. Ukionekana baadaye umebeba dawa, watauliza: je, ulimdanganya Mungu, au Mungu alikosea? Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Tunaijua tu.

Jumapili hiyo walimsukuma. "Fundi, usimnyime Bwana utukufu!" Nilimshika koti. Akanibandua vidole kwa upole, mmoja mmoja, akaenda mbele. Ojwang, mtu asiyeweza hata kuagiza nyama kwa sauti, akasimama pale akasema: "Nilikuwa naelekea kuwa kipofu. Leo nawaona nyote. Nimeponywa." Mungu wa nguvu! Kanisa lililipuka. Wanawake waliimba mpaka mabati yakatetemeka, na mume wangu akalia. Nami nikalia. Lakini machozi yangu hayakuwa ya furaha, kwa sababu nilikuwa naujua uso ule wa mviringo ulitoka wapi.

Kesho yake asubuhi nikamwekea uji na tembe kwenye kisahani, kama kawaida. Akanywa uji. Kisahani akakisukuma.

"Nimemaliza na hizo."

"Umemaliza na nani? Daktari amesema?"

"Mama Molly, nilisimama mbele ya watu."

"Basi kaa chini! Ulisimama, sasa kaa, umeze!"

Akitaka kunibembeleza huniita nyar Alego, binti wa Alego, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa. Akaniita hivyo. "Nyar Alego, nikimeza hizi leo, jana nilisema uongo. Unataka niwe mwongo kanisani?"

"Nataka uwe na macho!"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha. Nilimtukana, nilimpigia magoti. Mtu mpole akikataa, amekataa kama ukuta. Aliziacha zote, za TB na zile za steroidi, akaenda kazini akiimba.

Mimi sikubaki nikikunja mikono. Nilienda dukani kwa mchungaji, nikamkuta anapima misumari, na sikungoja wateja waondoke.

"Ulimwambia mume wangu aache dawa?"

Akashtuka. "Hapana, mama. Mimi sikumwambia aache."

"Wala hukumwambia aendelee. Ulipiga makofi."

Akaweka misumari chini. Akasema atakuja kuongea naye jioni. Na alikuja, akaongea naye vizuri, akamwambia Mungu hutumia hata madaktari. Ojwang akamwitikia kwa heshima, "Ndiyo, mchungaji." Tukapeana mikono na mchungaji mlangoni, na Ojwang hakumeza. Alidhani mchungaji anampima imani.

Haikuchukua muda. Kwanza aliishiwa nguvu, akawa anapumzika kati ya kitanda na mlango. Akatapika. Akasimama akaanguka, viungo vyote vinamuuma. Nikadhani ni malaria. Kisha akiwa amelala, akaniambia kwa sauti ndogo sana kwamba kushoto kumekuwa usiku tena. Nikamuuliza kuhusu jicho la kulia. Akageuza uso ukutani. Nikamshika shati. "Baba Molly, na kulia?"

"Masizi," akasema. "Mengi."

Nilikimbia bila viatu. Mchungaji Ephantus alifunga duka akaleta pikapu yake ya kubebea saruji, tukamlaza Ojwang juu ya godoro nyuma, mimi nikakaa naye nimemwekea kichwa mapajani. Tuliteremka kuelekea Kisumu, mashamba ya chai yakapita pande zote, kijani yake ile ile, na yeye akawa ananiuliza, "Tumefika wapi?" Nilikuwa namwambia kila mahali. Nilikuwa na hasira ya kuweza kumtupa barabarani na nilikuwa nimemkumbatia, vyote kwa pamoja. Sijui kama unanielewa.

Daktari Nyambeki hakutugombeza. Heri angetugombeza. Alimwekea maji na dawa ya mshipa kwanza, kwa sababu mwili wake ulikuwa umebaki bila kitu kama alivyotuonya. Alipopata nguvu ya kukaa, akamwangalia macho yote mawili, la kushoto kwa mashine ya mawimbi ya sauti, kwa sababu damu ilizuia taa. Akavuta kiti.

"La kushoto limevuja tena, na makovu yamevuta retina, imebanduka kutoka nyuma. Ningeweza kukudanganya kwamba kuna upasuaji. Kwa jicho hili, tumechelewa."

Ojwang akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepewa bei ya kitu.

"La kulia mishipa imevimba upya, na uvimbe umekaribia katikati, pale unaposomea. Nitakupa steroidi ya nguvu kwa njia ya mshipa siku chache, turudi kwa tembe, turudie za TB. Kisha zile sehemu zilizokosa damu nitazichoma na leza ili zisiite mishipa mipya. Siwezi kuahidi."

Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Akasema, "Daktari, sisi tulidhani amepona. Alikuwa amenenepa."

"Ndiyo," daktari akasema. "Mnadhani hivyo wote."

Tukakaa wodini. Sitakueleza kila siku. Dawa iliingia tone kwa tone, na mimi nikakaa upande wa kulia wa kitanda ili akifungua jicho anione. Kila asubuhi nilimuuliza anaona nini. Asubuhi ya kwanza akasema dirisha. Baadaye akasema dirisha lina vyuma. Halafu akanitazama, akasema, "Umekonda, Jerusa." Nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jengo la kufulia, nikalia kwa sauti yangu yote, na mama mmoja aliyekuwa anaanika mashuka akaendelea kuanika, akaniacha nilie.

Leza ilifanywa baada ya uvimbe kutulia. Anasema ni mwanga wa kijani unaogonga ndani ya kichwa, hauui mtu lakini unachosha. Jicho la kulia likabaki. Si kama zamani. Pembeni limepungua, na usiku haoni vizuri. Lakini anasoma, anatembea, ananiona nikikasirika. Rola hawezi tena. Ukiwa na jicho moja huwezi kupima kina cha jino, na karibu na chuma kinachozunguka utaacha kidole. Kipkosgei ndiye anayenoa sasa. Kiwanda kilimpa Ojwang stoo ya vipuri, na siku ya kwanza alipopita karakana akasikia chuma kikichongwa, alisimama nje mpaka kazi ikaisha. Hakuniambia yeye. Kipkosgei aliniambia.

Tembe zimepunguzwa, hazijaisha. Za TB bado. Uso umeanza kurudi, na watu pale stejini wameanza kunong'ona kwamba fundi amekonda, labda ugonjwa umerudi. Siku hizi siwajibu.

Tulirudi kanisani Jumapili moja ya mvua. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Ojwang akasimama bila kusukumwa na mtu. Nami sikumshika koti. Alienda akigusa viti vya kushoto asije akavigonga, akafika mbele, na watu wakaanza makofi na kigelegele kabla hajafungua mdomo.

"Msipige makofi," akasema.

Wakaendelea kidogo, kisha wakaacha.

"Mimi sijapona. Nilisimama hapa nikawaambia nimepona, nikaenda nyumbani nikaacha dawa ili isiwe uongo. Jicho hili limekufa. Halikuuawa na ugonjwa peke yake. Nililiua mimi, kwa kuwaogopa nyinyi. Hili lingine ninalo kwa neema ya Mungu na kwa tembe, na nitazimeza mpaka daktari aseme basi. Ni hayo tu."

Kwetu hakuna wimbo wa ushuhuda wa namna hiyo. Mvua ikasikika kwenye mabati. Nikamwona mchungaji Ephantus amekaa na mikono juu ya magoti.

Ndipo bibi mmoja akainuka kutoka viti vya nyuma. Ni Wangeci, mama mzee anayeuza viazi sokoni. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Mwanangu Ojwang," akasema, "siku ile uliposhuhudia, mimi nilienda nyumbani nikaacha za sukari. Nilisema, kama Mungu amemtosha Ojwang, na mimi atanitosha. Sasa mguu huu siusikii."

Mume wangu alishuka, akapita katikati ya viti akipapasa, akaenda mpaka nyuma, akakaa kando ya Wangeci. Nikainuka nikamfuata, nikakaa upande wake mwingine.

Mchungaji alisimama. Nilidhani ataomba. Akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ile yake nzuri, "Nani mwingine?"

Mkono mmoja ukainuka karibu na dirisha, na mwingine kwenye kwaya, na mingine, huku na kule, watu ninaowasalimia kila siku. Ojwang alikuwa amekaa wima akitazama mbele. Akanigusa goti, akaniuliza kwa sauti ya chini nimwambie ni akina nani walioinua mikono, kwa sababu upande wa kushoto haoni.

Nikamtajia.